Mshenga Asiyepeleka Matusi

Mtu akikusifu miaka sita bila kukupinga hata siku moja, ama hasomi unachoandika, ama ana lake jambo na wewe. Geshe Rigzin Stobdan ni mtawa, kwa hiyo hilo la pili nililiondoa. Nikabaki na la kwanza, na liliniuma.

Mimi ni Profesa Sikudhani Pazi, Mzaramo wa kuzaliwa na wa kusomea. Nilichosomea ni utani. Sisemi vichekesho vya jukwaani, nasema ile sheria yetu ya makabila kutukanana bila kukasirikiana, kuchukuliana vitu bila kuitana wezi, na kwenda kwenye msiba wa mtani kufanya vurugu mpaka wafiwa wacheke. Stobdan naye alitoka chuo cha watawa huko Ladakh, milimani, kaskazini kabisa mwa India. Ugeshe kwao ni kama udaktari wa falsafa kwetu, ila wanaupata wakiwa wameshaota mvi. Fani yake ni mabishano. Baraza la Vyuo Pacha lilituoza tuendeshe idara moja, yeye akiwa kule, mimi hapa Chuo Kikuu cha Maneromango, na swali tulilopewa ni hili: inakuwaje kuna watu wanagombana kila siku na hawauani?

Swali zuri sana. Tatizo ni kwamba hatukuwahi kugombana.

Nilijitahidi jamani! Mwezi wa kwanza tu nilimtangazia utani rasmi. Nikamwambia milima yao ni vichuguu vyenye majivuno, na hilo joho lake jekundu ni pazia la saluni ya Mbagala. Kwenye lenzi ya jicho langu, ile inayotuonyesha sisi kwa sisi kutoka mbali, nikamwona anainama, mikono kifuani. Kwenye shanga la sikio, lile linalotutafsiria, nikasikia sauti yake laini ikisema Kiswahili safi: "Nakushukuru, Profesa. Umenipa mengi ya kutafakari."

Mengi ya kutafakari. Pazia la saluni!

Nikaongeza dozi. Nikamtukania yaki wake, wale ng'ombe wa manyoya wa kwao, siagi yake, upara wake. Akainama. Nikamwambia sura nzima ya tatu ya ripoti yetu ameiandika akiwa usingizini. Akainama zaidi. Ilifika mahali nikawa naogopa kufungua kipindi chetu cha kila wiki, maana kumtukana mtu asiyerudisha si utani tena, ni uonevu. Nikaamua moyoni: Baraza likishatupitisha, ninaomba kuachana naye kwa amani.

*

Siku ya Baraza akaja mwenyewe. Ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kuonana ana kwa ana.

Mambo yalikuwa mazito siku hiyo. Tukipita, idara inakuwa ya kudumu na wanafunzi wetu wanapata shahada zinazotambulika kote. Tukianguka, inafungwa. Na kigezo kikubwa cha Baraza ni migogoro. Idara nyingine zina mmoja au miwili, watu wamenuniana, wamekatiana simu. Sisi hatukuwa nao hata mmoja. Walikuwa wanatutaja kwenye vikao kama mfano.

Nikamkaribisha ofisini asubuhi, chai ya tangawizi mezani na sahani mbili za maandazi. Alikuwa mfupi kuliko nilivyomjua kwenye lenzi, na macho yake yalikuwa mekundu kwa safari. Tukasalimiana, tukaketi, akaniomba nimweleze tena hoja yangu kuu.

"Utani ni mkubwa kuliko sheria za mahakama," nikamwambia, "kwa sababu mahakamani mmoja lazima ashindwe."

Akasimama, akainama kwa adabu, mikono kifuani. Kikombe changu kikaruka.

Nikakiangalia. Chai imemwagikia kwenye kisosi.

"Umesikia kitu?" nikamuuliza.

"Nimesikia hekima, Profesa," ikasema ile sauti laini. Akainama tena, na safari hii sakafu ikatetemeka chini ya miguu yangu, andazi likadondoka. Maneromango hatuna matetemeko ya ardhi. Tuna vumbi, tuna korosho, matetemeko hatuna. Nikaingiza kucha jichoni nikabandua lenzi.

Mtume! Mtawa wa watu alikuwa amesimama kwa mguu mmoja, joho kalipandisha begani, mkono wa kulia ameuvuta nyuma ya kichwa kama anayetaka kunipiga kibao. Akaushusha ukakutana na wa kushoto, paaa, hapa puani kwangu, na papo hapo mguu ukatua chini kwa kishindo. Mdomo wazi, mishipa ya shingo imemtoka. Nikachomoa na shanga la sikioni. Kumbe anapiga kelele kama mpiga mnada wa mitumba, kwa lugha yake, na kila sentensi anaifunga kwa kofi na kishindo.

Kwanza niliogopa. Halafu, nisiwafiche, nilijisikia vizuri kuliko nilivyojisikia miaka mingi. Nikafanya kile ambacho mtani yeyote angefanya: nikanyoosha mkono nikalichukua andazi lake kwenye sahani, nikalila mbele yake.

Hakuona. Lenzi yake ilikuwa inamchorea andazi lipo palepale. Aliketi, akanyoosha vidole, akapapasa sahani. Akapapasa tena. Akainua sahani akaangalia chini yake, uso umemjaa mashaka ya kifalsafa.

*

Nikamwomba radhi, nikaenda kujifungia kwenye stoo ya viti, nikarudisha lenzi jichoni na shanga sikioni.

"Mshenga," nikasema, "yule bwana anafanya nini?"

Mshenga ndiyo mtambo wenyewe, ile sauti inayokaa katikati ya wasomi wote wa Vyuo Pacha. Huwa anakujibu ukimuuliza, ila lazima umuulize.

"Anakuheshimu, Profesa."

"Sijakuuliza hilo. Anafanya nini?"

"Anakubishia. Kwao anayejibu huketi, anayeuliza husimama, na kila swali hulisindikiza kwa kofi na kishindo. Hoja yako ikijichanganya, anakuzomea."

"Ameanza lini?"

"Kipindi cha kwanza."

"Na mimi yale yangu? Vichuguu? Pazia la saluni?"

"Niliyapeleka kama upendo, maana ndiyo yaliyokuwa moyoni mwako."

Kazi yake, akanieleza, haikuwa kutafsiri maneno. Alikuwa anapima pumzi, mapigo ya moyo, misuli ya uso, anapata mtu amekusudia nini, halafu anatafuta kwenye mila za msikilizaji neno na ishara inayobeba kusudio lilelile. Lenzi inachora ishara, shanga linasema neno. Kusudio linafika. Maneno yenyewe yanabaki kwake.

"Nani kakutuma ubaki na maneno yangu?"

"Profesa, mshenga gani anapeleka tusi ukweni?"

Khaa! Ni kweli, mimi mwenyewe nimeozwa kwa mshenga, na najua shangazi zangu walisema nini juu ya ukoo wa mume wangu, na najua kilichofika kule. Akanikumbusha na enzi za kabla yake, Vyuo Pacha vikivunjika kila muhula: profesa aliyesusa kazi kwa sababu mwenzake alimpa karatasi za mtihani kwa mkono wa kushoto, mwingine aliyedhani ukimya wa mwenzake ni dharau akaondoka na data zote. Watu wazima, wenye miwani.

"Nataka neno kwa neno," nikasema.

"Inawezekana. Ila mkubali nyote wawili, na kila kilichofichwa kitahesabiwa mgogoro. Miaka yote sita. Hiyo ni kanuni ya Baraza, si yangu."

Nikakaa juu ya kiti kibovu nikacheka peke yangu. Idara inayosomea ugomvi, imesifiwa kwa kukosa ugomvi, na ugomvi wote ulikuwepo, mtamu, umefungiwa kabatini. Tulikuwa watu wawili tulioumbwa kutukanana na katikati yetu wameweka mto. Nikaapa nitamwambia Stobdan tukiwa njiani kwenda ukumbini, tucheke wote, halafu tutajua la kufanya na Baraza.

*

Tukaanza kuvuka uwanja. Nikafungua mdomo, yeye akaniwahi.

"Profesa, kuna jambo sijawahi kukushukuru vizuri," akasema. "Mwaka juzi mwalimu wangu alipofariki, watu wengi waliniandikia. Maneno yaliyonisimamisha ni yako."

Nikasimama.

"Uliniambia: mwalimu aliyeacha mwanafunzi kama wewe hajaondoka, amehamia chumba cha pili tu. Nayasema kila asubuhi nikiamka. Bila hayo ningeacha kufundisha."

Nikabandua lenzi upesi, nikidhani machozi yale ni urembo wa Mshenga. Wapi. Machozi yalikuwa ya kweli, yanashuka kwenye mashavu yaliyokauka kwa baridi ya kwao.

Na mimi nakumbuka vizuri nilichosema. Nilipata habari ile nikalia, halafu nikafanya wajibu wangu. Kwetu mtani akifiwa, unakwenda unakatiza njia ya jeneza. Unamtukana marehemu, unawatukana wafiwa, unadai ulipwe ndipo maiti apite, mpaka mtu aliyekuwa anataka kujitupa chini anajikuta anabishana na wewe. Mimi nilisema: "Kama mzee huyo ndiye aliyekufundisha wewe, basi amekufa kwa uchovu, hakuna ugonjwa mwingine. Na hapa mlangoni hapiti mtu. Nataka jogoo." Nikaketi nikingoja anitukane. Akainama.

Hayo ya chumba cha pili sijawahi kuyasema maishani mwangu. Hata alipokufa mume wangu sikupata maneno mazuri kiasi hicho.

"Asante," nikamwambia Stobdan.

Nikairudisha lenzi jichoni, nikatembea naye. Nikimwambia, namnyang'anya fimbo anayotembelea, na idara inafungwa pia. Nisipomwambia, kila asubuhi mtu huyu anaamka na maneno ya mashine akidhani ni ya rafiki yake, na mimi ndiyo nimekaa kimya.

*

Mwenyekiti wa Baraza alikuwa Profesa Mihayo, Mnyamwezi wa Tabora. Sasa kila mtu anajua Wazaramo na Wanyamwezi ni watani wa tangu na tangu, na ujanani Mihayo alikuwa ananitania hadi nashika mbavu. Tangu apewe kiti kile amevaa koti zito kwenye joto la Maneromango na anasema "naam" badala ya "eeh". Nilikuwa nimeshamhesabu miongoni mwa marehemu.

"Swali ni moja," akasema. "Katika miaka sita, kila mmoja wenu amemsikia mwenzake? Geshe, tuanze na wewe."

Stobdan akasema ndiyo, na ushahidi wake ukawa ni zile rambirambi. Akazisema zote mbele ya Baraza. Mihayo akatikisa kichwa kwa kuridhika, kalamu mkononi.

"Profesa Sikudhani, ni maneno yako haya?"

Kujibu "ndiyo" ni silabi mbili. Idara imepita, wanafunzi wamepona, mzee wa watu analala usingizi. Nikamtazama Stobdan, ananitazama kwa ule upole ambao sikujua kama ni wake au wa lenzi. Hapo ndipo nilipochoka. Nilikuwa simjui. Miaka sita, simjui!

"Si yangu," nikasema. "Ni ya Mshenga. Naomba neno kwa neno."

Mihayo akaweka kalamu chini. "Profesa, unajua nitalazimika kuandika nini?"

"Andika."

"Wanafunzi wako?"

"Nawajua kwa majina. Andika."

Mshenga akamweleza Stobdan kwa lugha yake kwamba alichokuwa anasikia sicho kilichokuwa kinasemwa, na kwamba atakachosikia kinaweza kumuumiza. Mzee akasikiliza mpaka mwisho. Akatoa lenzi yake akaiweka mezani.

"Mimi ni mtu wa mabishano," akasema, na safari hii sauti shangani ilikuwa ya kukwaruza, haina manukato. "Nitakataaje kusikia?"

Basi nikasimama, nikaenda mlangoni, maana maneno yale yana mahali pake. Nikasimama katikati ya mlango, mikono kwenye miimo, nikayarudia yote. Uchovu. Mlango. Jogoo. Nikamaliza, nikangoja.

Mihayo alikuwa anaandika, naisikia kalamu. Idara yangu inakufa kwa wino wa bluu, na rafiki yangu anatazama meza, na nikajua nimekosea vibaya sana.

Halafu Stobdan akainuka. Akapandisha joho begani, akaja hadi mbele yangu, akavuta mkono nyuma ya kichwa.

"Wewe ni mtani wangu?" Paaa! Kishindo.

"Ndiyo," nikasema.

"Mtani ana haki ya kuzuia maiti?" Paaa!

"Anayo."

"Ukamzuia mwalimu wangu?"

"Nikamzuia."

"Mpaka ulipwe?"

"Mpaka nilipwe jogoo."

"Jogoo ulipata?"

"Sikupata."

"Ukasogea?"

Nimefundisha utani tangu nywele zangu nyeusi, nimetoa vitabu, na hakuna mtu aliyewahi kuniuliza swali hilo. Mtani asipolipwa hasogei. Ndiyo sheria. Naijua kuliko jina langu.

"Sikusogea," nikasema.

Alipiga kofi lile madirisha yakalia. "Basi mwalimu wangu bado yuko mlangoni! Tangu mwaka juzi! Mashine ilikuja msibani kama jirani mwema, nashukuru. Wewe mtani umesimama njiani na unakunywa chai! Na andazi langu umekula! Tsa!" Hiyo ndiyo zomea yao. "Tsa! Tsa!"

Machozi yalikuwa yanamtoka huku anakanyaga chini kama mtwanga mpunga, na mimi yalikuwa yananitoka kwa sababu nimebanwa, nimebanwa kwenye somo langu mwenyewe, na raha niliyoisikia siwezi kuieleza kwa mtu ambaye hajabanwa.

"Lete jogoo basi," nikamwambia. "Maneno mengi, mkono mtupu. Bahili kama vichuguu vyenu."

"Jogoo yuko nje. Mlango umeuziba wewe."

"Shauri yako."

Akatazama huku na huku. Akaenda dirishani, akapandisha joho, akatoka. Wajumbe wa Baraza wakakimbilia kuchungulia. Mtawa alikimbizana na majogoo ya kantini uwanja mzima, akaanguka mara moja, akapotelea nyuma ya mabweni. Mihayo alikuwa ameshachomoa shanga lake na kulitupa kwenye glasi ya maji.

"Sikudhani," akaniita, si Profesa tena. "Idara yako nimeifunga. Kanuni ni kanuni. Mhuri umeshapigwa."

"Nimeona."

"Na bado unadai kuku? Wazaramo nyie hamna haya!"

"Mtani wangu umefufuka," nikamwambia.

Iliuma, nisiseme uongo. Wanafunzi wale watatawanywa kwenye idara nyingine, wengine wataanza upya, na watakuwa na haki ya kunilaumu. Nililijua hilo nikiwa pale mlangoni na nalijua hadi leo.

Kwanza liliingia jogoo dirishani, jekundu, lina hasira. Halafu akaingia Stobdan, vumbi mpaka kichwani. Amelikopa kantini kwa jina la Baraza. Akanikabidhi kwa mikono miwili.

"Asichinjwe," akasema.

"Nini?"

"Uliomba jogoo. Kitoweo hukuomba."

Wajumbe wakacheka mpaka mmoja akaomba maji. Nikalipakata jogoo langu la kufuga, linanidonoa kidole, nikasogea.

Stobdan hakupita mara moja. Alifuta uso kwa joho. Akainama, safari hii kweli, akaweka mikono mbele kama aliyeshika vipini vya jeneza, akainuka nayo taratibu, na mgongo ulimpinda kama kuna uzito. Akaanza kutoka, hatua fupi fupi, peke yake, nyuma hapana mtu.

Wanyamwezi tunawatania kwa upagazi tangu enzi za misafara ya mababu zao. Nikamgeukia Mihayo.

"Mnyamwezi mzima umekaa," nikamwambia, "na mzee wa watu anabeba peke yake?"

Mihayo akavua koti, akaja kushika nyuma.